Ikilinganishwa na Nini? Historia ya Kupima Matokeo ya Miradi ya Afya Afrika Mashariki

Kwa muda mrefu mafanikio ya kazi za afya ya jamii katika Afrika Mashariki yalipimwa kwa kile kilichotoka stoo. Ripoti za mwaka za idara za tiba za Tanganyika na Kenya katika miaka ya 1920 zimejaa hesabu za namna hiyo: sindano za buba zilizodungwa, wagonjwa wa nje waliopokewa, watu waliochanjwa ndui. Kwa buba hesabu hiyo ilitosha. Vidonda vilikauka upesi, watu wakatembea mwendo mrefu kuifuata sindano, na hakuna aliyehitaji mtakwimu wa kumwambia kwamba dawa inafanya kazi. Lakini malaria, kuhara na kifua kikuu ni maradhi ya namna nyingine. Wengi hupona bila dawa, wengine hufa hata wakiipata, na mtoto anayekufa nyumbani haandikwi katika daftari la hospitali. Hapo idadi ya sindano haisemi kitu. Maswali mawili yakabaki wazi. Ni watu wangapi wanaougua na kufa, pamoja na wale wasiofika zahanati? Na wangekuwa wangapi kama mradi usingekuwepo? Swali la kwanza lilipata majibu mapema kiasi. La pili lilichelewa, na ndilo lililozaa ubishi mwingi zaidi.

Jaribio la kwanza kubwa la kujibu yote mawili lilifanyika mpakani mwa Kenya na Tanganyika, kuanzia Taveta hadi Upare wa Kusini, likiongozwa na Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, milimani juu ya Muheza. Mkuu wake alikuwa daktari Bagster Wilson. Mwaka 1954 watafiti walianza kwa kuhesabu watu kijiji kwa kijiji, kuandikisha vizazi na vifo, kupima wengu za watoto, kuchukua damu ya kupima vimelea na wingi wa damu, na kukamata mbu majumbani. Kazi ya damu haikuwa rahisi katika enzi ambayo hofu ya mumiani ilikuwa hai vijijini, na mgeni mwenye chupa na sindano aliweza kuukimbiza mtaa mzima. Baada ya mwaka wa kuhesabu ndipo kuta za nyumba zikapuliziwa dieldrini, dawa ya kuua mbu, zoezi lililorudiwa mara kwa mara hadi 1959.

Mbu aina ya Anopheles funestus, aliyependa kujificha ndani ya nyumba, alitoweka karibu kabisa. Vimelea katika damu ya watoto vilipungua, damu yao ikaongezeka, na vifo vya watoto vikashuka. Kwa kipimo cha kabla na baada, mradi ulifaulu. Kisha upuliziaji ukakoma, na wataalamu wa Amani wakafanya jambo ambalo miradi mingi hadi leo hailifanyi: waliendelea kuhesabu. Mbu walirudi taratibu, malaria nayo ikarudi nyuma yao. Vifo havikurudi. Hadi katikati ya miaka ya 1960 vilibaki chini ya kiwango cha mwanzo, ingawa vimelea vilikuwa vimejaa tena katika damu za watoto.

G. Pringle, aliyeichambua habari hiyo mwaka 1969, alikuwa na fumbo mkononi. Katika miaka hiyo hiyo dawa za malaria zilikuwa zimeanza kupatikana zahanati na madukani, na maisha ya wakulima yalikuwa yamebadilika kwa njia nyingine pia. Kama vifo vilikataa kupanda malaria iliporejea, je, kushuka kwake mwanzoni kulitokana na dieldrini yote, nusu, au kiasi gani? Takwimu za Taveta na Upare hazikuweza kujibu, kwa sababu ulinganisho wake mkuu ulikuwa wa jana na leo, na kati ya jana na leo mambo mengi hubadilika kwa pamoja. Udhaifu huo haukutokana na uzembe. Takwimu zilikuwa nzuri kuliko za karibu mahali pengine popote barani wakati ule, na ni ubora wake uliouanika udhaifu wa mbinu. Takwimu mbovu zingelificha fumbo lote.

Funzo hilo lilionekana katika utafiti uliofuata kwenye uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Shirika la Afya Duniani lilipulizia dawa ya fenitrothioni katika eneo moja na kuliacha jirani yake bila dawa, likihesabu vifo pande zote mbili. Katika eneo lililopuliziwa vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 157 hadi 93 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Hata hivyo lilikuwa eneo moja dhidi ya eneo moja. Tofauti yoyote ya maji, barabara au mavuno ingeweza kuingia katika hesabu ikajifanya kuwa dawa.

Wakati huo Tanzania ilikuwa ikifanya kazi ya aina nyingine kabisa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vitabu vidogo, na kisha kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Tathmini yake ilikwenda hatua moja mbele ya ripoti za kikoloni, maana wachunguzi walitembelea vijiji kabla na baada ya kampeni na kutazama mabadiliko kwa macho yao wenyewe. Vyoo viliongezeka, hilo halikuwa na shaka. Lakini choo kilichochimbwa si lazima kiwe choo kinachotumika, na kinachotumika si lazima kipunguze minyoo tumboni mwa mtoto. Kampeni ilipima mlango wa kwanza wa safari yenye milango mitatu.

Mchango wa Tanzania uliosafiri mbali zaidi ulitoka katika daftari la kifua kikuu. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianzishwa mwaka 1977 kwa msaada wa umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, ambao mkurugenzi wake wa sayansi alikuwa Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyenusurika kambi ya mateso ya Wanazi. Kiini cha mbinu yake kilikuwa hesabu ya makundi ya robo mwaka. Kila mgonjwa aliyeandikishwa ndani ya miezi mitatu aliingia katika kundi moja, na muda wa tiba ulipokwisha mratibu wa wilaya alipaswa kueleza habari ya kila mmoja wao: amepona, amemaliza dawa, amefariki, tiba imeshindwa, ametoroka, au amehamia kwingine. Hakuna aliyeruhusiwa kupotea kimyakimya. Wilaya iliyojisifu kwa wingi wa wagonjwa ililazimika kuonyesha pia wangapi iliwapoteza.

Mbinu hiyo ilionyesha kwamba tiba ya muda mrefu iliyotumika mwanzoni iliwapoteza wagonjwa wengi njiani. Ilipoanzishwa tiba fupi ya miezi minane kuanzia 1982, hesabu zilezile za robo mwaka zikaonyesha uponaji wa kiasi cha asilimia 80. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuusambaza duniani kwa jina la DOTS. Mapungufu yake hata hivyo yalikuwa wazi kwa walioutumia: daftari humhesabu aliyeandikishwa tu. Anayekohoa nyumbani bila kufika kituoni hayumo.

Kuwafikia wasiofika kituoni ilikuwa kazi ya tafiti za kaya. Mpango wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani ulieneza mwishoni mwa miaka ya 1970 mbinu ya makundi 30 ya watoto saba saba: vijiji 30 huchaguliwa kwa kura kulingana na wingi wa watu, na katika kila kimoja kadi za watoto saba hukaguliwa. Timu ndogo iliweza kuimaliza wilaya kwa muda mfupi na kujua kiwango cha chanjo kwa makosa yanayovumilika. Tafiti kubwa za kitaifa za idadi ya watu na afya zilifuata, Kenya mwaka 1989 na Tanzania 1991 na 1992. Zilieleza hali ya nchi ilivyo, si kilichoisababisha.

Swali la sababu lilirudi kwa nguvu pamoja na UKIMWI. Kanda ya Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa na mradi uliojengwa juu ya wazo rahisi: vidonda na usaha wa magonjwa ya zinaa hurahisisha kuingia kwa virusi, basi magonjwa hayo yakitibiwa vizuri katika vituo vya kawaida, maambukizi ya UKIMWI yatapungua. Kulithibitisha wazo hilo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na chuo cha tiba ya nchi za joto cha London vilichagua jamii 12 mkoani Mwanza, kila moja ikiwa na kituo cha afya na zahanati zake. Jamii hizo zilipangwa katika jozi sita zinazofanana: za kando ya ziwa na za kando ya ziwa, za barabarani na za barabarani, visiwa na visiwa. Katika kila jozi kura iliamua ni ipi ianze. Wahudumu walipewa mafunzo ya kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa, na wasimamizi walipita mara kwa mara. Jamii za upande wa pili zilisubiri hadi utafiti ulipokwisha.

Kura ndiyo iliyokuwa mpya. Haimpi mganga mkuu nafasi ya kupendelea kijiji chenye mwenyekiti mchapakazi, wala haimpi mfadhili nafasi ya kuchagua penye barabara. Lakini ina gharama yake kihesabu, na watangazaji wa matokeo huisahau mara nyingi. Zaidi ya watu 12,000 walifuatwa kwa miaka miwili, ila kilichopigiwa kura ni jamii, si mtu. Kwa hiyo nguvu ya ushahidi ilikaa katika jozi sita tu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya asilimia 1.2 katika jamii zilizoboreshewa tiba na 1.9 katika zile zilizosubiri, upungufu wa kiasi cha asilimia 40, na mwelekeo ulikuwa uleule katika jozi zote. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa kwa njia ya kura kwamba mradi unaweza kupunguza maambukizi ya UKIMWI katika jamii nzima.

Ng'ambo ya ziwa, wilayani Rakai, Uganda, wazo hilohilo lilipimwa kwa dawa kali zaidi. Badala ya kungoja mgonjwa aje kituoni, watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi na kuwapa watu wazima wote viuavijasumu, wawe na dalili au wasiwe nazo. Vijiji vya ulinganisho vilipewa vitamini na dawa za minyoo. Kwa hesabu ya kawaida Rakai ingetarajiwa kuishinda Mwanza. Matokeo ya mwaka 1999 yalikuwa sawa pande zote mbili: maambukizi 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Baadaye Masaka, pia nchini Uganda, katika parokia 18, nako hakukuonekana tofauti.

Mabishano yaliyofuata yalichukua miaka. Maelezo yaliyokubalika zaidi ni kwamba majaribio hayo hayakupima kitu kimoja. Mwanza ilikuwa na tiba iliyopatikana kila siku, kwa hiyo anayeugua leo alitibiwa leo. Dawa za Rakai zilikuja kwa msimu, na kati ya msimu na msimu magonjwa yalirudi. Zaidi ya hayo, janga lenyewe lilikuwa na umri tofauti. Mwanza watu wazima waliokuwa na virusi walikuwa takriban asilimia 4, Rakai kiasi cha asilimia 16, na huko virusi vilikuwa vimeshaenea hata miongoni mwa wasio na magonjwa mengine ya zinaa. Waganda walikuwa pia wamebadilisha mienendo kabla ya utafiti kuanza, na vidonda vingi vya Rakai vilitokana na malengelenge ya sehemu za siri, ambayo viuavijasumu havitibu. Hatimaye majaribio tisa ya aina hii yalifanyika duniani, na ni la Mwanza pekee lililoonyesha upungufu. Wapo walioona hapo kushindwa kwa mbinu ya kura. Ni haki zaidi kusema kwamba kura ilijibu kwa uaminifu swali iliyoulizwa, yaani kama mradi huu ulifanya kazi hapa, wakati ule. Waliosoma jibu ndio waliosahau maneno mawili ya mwisho.

Mwanza ilitoa somo jingine, la aibu kidogo kwa watoa elimu ya afya. Mradi wa MEMA kwa Vijana, uliopimwa kwa kura katika jamii 20 kuanzia 1998, ulifundisha afya ya uzazi katika shule za msingi na kuandaa zahanati kuwapokea vijana. Vijana waliofundishwa walijua mengi zaidi, na majibu yao kwa wadodosaji yalionyesha mienendo iliyobadilika. Vipimo vya damu havikuonyesha tofauti ya UKIMWI wala ya malengelenge, hata walipofuatwa tena miaka kadhaa baadaye. Tangu hapo mradi wa aina hii ulioishia kwenye dodoso peke yake ulisomwa kwa shaka.

Malaria ilirudi uwanjani kwa njia ya chandarua. Utafiti wa Gambia uliochapishwa 1991 ulidai upungufu mkubwa mno wa vifo, na wengi walitaka kuona kama ungerudiwa mahali pengine. Majaribio manne makubwa yalifanyika Burkina Faso, Gambia, Ghana na Kilifi, pwani ya Kenya. Kilifi, kuanzia 1993, vyandarua vilivyochovywa dawa ya permethrini viligawiwa katika nusu ya maeneo kwa kura. Vifo vya watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne vilipungua kwa asilimia 33, na watoto waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Huko Asembo na Gem, magharibi mwa Kenya, utafiti uliofuata uligundua kwamba hata nyumba zisizo na chandarua zilikingwa zikiwa ndani ya mita 300 za zile zilizo nacho, kwa kuwa mbu walikufa kwa wote. Ilikuwa habari njema kwa wanakijiji na kero kwa watakwimu: kundi la ulinganisho likifaidika, tofauti inayopimwa huwa ndogo kuliko faida yenyewe.

Kazi hizi zote zilitegemea kujua ni nini kilichomuua mtoto ambaye hakuonwa na daktari. Njia iliyotumika ni mahojiano na wafiwa. Mdodosaji hukaa na mama baada ya muda wa matanga na kuuliza kwa utaratibu: homa ilianza lini, alipumua vipi, aliharisha, alikakamaa? Majibu husomwa na madaktari wawili au watatu, kila mmoja peke yake, nao huamua sababu ya kifo. Lugha ya dodoso ilihitaji busara. Pwani, degedege lilihesabiwa na wengi kuwa maradhi mbali na malaria, tena ya kupelekwa kwa mganga wa jadi, hivyo dodoso lililouliza malaria tu liliwakosa watoto wengi waliokufa kwayo. Kwa Tanzania mbinu hii ilitumika kwa upana katika mradi wa vifo vya watu wazima uliofanyika Dar es Salaam, Hai na Morogoro kuanzia 1992, na katika maeneo ya kuandikisha kaya ya Ifakara na Rufiji.

Ifakara ndiko swali jipya lilikozuka. Baada ya majaribio ya vyandarua, ingekuwa vigumu kuwanyima watu vyandarua ili kupata kundi la ulinganisho; matokeo yangepimwaje basi? Katika wilaya za Kilombero na Ulanga mradi wa KINET uliuza vyandarua na dawa yake madukani kwa nembo ya Zuia Mbu, na wajawazito na watoto wadogo wakapewa hati punguzo. Watafiti walitumia ulinganisho wa kurudi nyuma: walimchukua mtoto aliyefariki na watoto wa umri wake walio hai, wakauliza nani alilala ndani ya chandarua chenye dawa. Matumizi yalipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya 50 kwa miaka mitatu, na chandarua kikahusishwa na nafuu ya asilimia 27 katika kunusurika. Mwanya ulikuwepo: mzazi anunuaye chandarua huenda pia ndiye awahiye zahanati, na hesabu za marekebisho huziba sehemu tu ya mwanya huo. Hata hivyo ushahidi huu ulikuwa wa duka na hati, si wa watafiti wanaogawa bure na kusimamia kila usiku, na kwa serikali inayopanga bajeti ulifaa kuliko wa Kilifi. Kuanzia 2004 hati punguzo ikawa mpango wa taifa.

Mwaka 1999 Habicht, Victora na Vaughan waliandika kile ambacho wafanyakazi wa uwanjani walikuwa wakikitenda bila jina. Tathmini nyingine hutosha kuonyesha kwamba lengo limefikiwa. Nyingine hujenga hoja inayoaminika kwamba mradi ndio uliosababisha. Na nyingine, zenye kura, huthibitisha kwa kiwango cha takwimu. Aina inayofaa hutegemea nani ataamua na ataamua nini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipitia ngazi ya kati kwa ukamilifu, katika tathmini ya mwongozo wa kumtibu mtoto kwa magonjwa yake yote kwa pamoja. Morogoro Vijijini na Rufiji, zilizoutumia mwongozo, zililinganishwa na Kilombero na Ulanga, ambazo hazikuwa zimeuanza. Hakukuwa na kura. Vifo vya watoto vilikuwa chini kwa asilimia 13 katika wilaya mbili za kwanza, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kuwa bahati. Tena wilaya za ulinganisho zilikuwa na Zuia Mbu. Watafiti waliandika mambo hayo waziwazi, wakaongeza kwamba gharama haikuzidi. Rufiji na Morogoro zilikuwa pia chini ya mradi wa TEHIP, ulioungwa mkono na Kanada, uliowapa waganga wakuu wa wilaya picha ya maradhi yao dhidi ya bajeti yao. Morogoro malaria ilichukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini bajeti yake ilikuwa kiasi cha asilimia 5. Halmashauri zilihamisha fedha kutokana na hesabu hiyo.

Wachumi nao waliingia. Busia, magharibi mwa Kenya, shule 75 ziligawanywa mafungu matatu ya kuanza dawa za minyoo mwaka 1998, 1999 na 2001, mgawanyo ulioepusha kuwanyima watoto moja kwa moja. Edward Miguel na Michael Kremer waliripoti mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2015 wataalamu wa magonjwa wa London walirudia hesabu, wakakuta makosa hasa katika faida iliyodaiwa kuzifikia shule jirani, na mabishano ya wachumi na watabibu yakapamba moto. Kwamba mabishano hayo yaliwezekana kabisa ni kwa sababu waandishi walitoa takwimu zao ghafi, desturi ambayo haikuwepo enzi za Amani.

Katika miaka ya 2010 hesabu za vituo zilirudi kwa sura mpya, pale Kenya mwaka 2011 na Tanzania miaka miwili baadaye zilipoingiza takwimu za vituo vyote katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2. Wilaya inaona leo idadi ya wagonjwa wa mwezi uliopita. Wasiofika kituoni hawamo humo pia, kama ilivyokuwa katika daftari la kifua kikuu. Ndiyo maana chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilipoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, haikuachiwa mfumo huo peke yake. Kama ilivyofanyika Malawi na Ghana, maeneo yalipigiwa kura ya kuanza au kusubiri, na watu wa vijijini walipewa kazi ya kuripoti kila kifo cha mtoto, popote kilipotokea. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Hesabu kamili ya nchi zote tatu, iliyotangazwa 2023, ilionyesha vifo vichache kwa asilimia 13 miongoni mwa watoto wenye umri wa kuchanjwa, na mwaka huohuo maeneo ya Kenya yaliyokuwa yakisubiri yakaanza kuchanja.